Skii za Mama Renatha

Theluji ilipoanguka kwenye kibanja cha Joviana, yeye alikuwa jikoni akimenya ndizi za mchana. Ilikuwa Juni, umande bado uko kwenye nyasi, na maganda yalikuwa yameshajaa kwenye ungo uliochakaa, tayari kwa mbuzi. Alipotoka kwenda kukata majani ya kufunikia sufuria, alikuta migomba imekuwa myeupe kuanzia uani mpaka chini kabisa kwenye kijito. Akasimama akaitazama. Kisha akaenda kuchukua nyasi, kwa sababu alikuwa mwanamke asiyeweza kuona ardhi mbichi imekaa wazi akatulia.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa ambalo mtu wa Kamachumu yeyote mwenye akili zake angelifanya. Ardhi ikilowa, unaifunika kwa nyasi za rweya, zile za uwanda wa malisho, ili unyevu usiondoke na jua lisiichome. Mama yake alimfundisha hivyo, na mama wa mama yake alifanya hivyo. Joviana akabeba matita yote aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya kiangazi, akayatandaza juu ya theluji kwa mkono mwepesi, vizuri, akirudi kinyumenyume asikanyage alipokwisha kutandaza. Theluji ile huenda ingeondoka kabla ya saa sita kama mgeni asiye na mzigo. Ilivyotandikiwa nyasi, ikaona imekaribishwa, ikakaa. Asubuhi iliyofuata ikaanguka nyingine juu yake.

Haikuanguka kwa mtu mwingine. Barabarani vumbi lilikuwa vumbi lilelile, na kwa majirani kahawa ilikuwa inaiva kwenye jua kama kila mwaka. Waliokuwa wanakwenda misa ya asubuhi walimpa Joviana pole ya baridi, wakapita. Jirani mmoja alikuja na ndoo, akaomba kidogo ya kupozea maziwa, akapewa, akashukuru. Migomba yenyewe haikudhurika. Tena ilinenepa.

Kilichowafanya watu wapunguze mwendo wanapopita ni mahali theluji ilipoishia. Upande wa juu iliishia barabarani, na upande wa chini kwenye kijito, hapo hakuna neno. Lakini upande wa kuume ilifika kwenye milamula, ile mimea ambayo Wahaya hupanda mpakani ikashika mizizi na ugomvi ukaisha, na haikusimama. Ilivuka. Ikaingia kwa Kahangwa, shemeji yake Joviana, ikafunika mikahawa yake yote ya upande ule, ikafunika na kaburi la Joackim, kisha ikakatika ghafla kwenye mstari ulionyooka, kama imekatwa kwa panga. Kwenye mstari huo, mtu akiinama, aliona visiki vya milamula ya zamani.

Kila mtu pale kijijini alijua visiki hivyo ni vya nini. Joackim, mume wa Joviana, alipofariki, nyasi za matanga zilikuwa hazijafagiliwa sebuleni wakati mdogo wake Kahangwa alipoikata milamula na kuipanda upya hatua nyingi ndani ya kibanja cha marehemu. Alifanya hivyo mchana kweupe, amevaa kofia yake nzuri. Mikahawa bora ikabaki upande wake, na kaburi likabaki upande wake. Wazee wa ukoo waliona, wakakohoa, wakazungumzia mvua. Joviana hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na Renatha, na Renatha ni mtoto wa kike, na kwa wazee wale maneno yaliishia hapo.

Tangu siku hiyo Joviana alikwenda kumwona mumewe kwa kuomba. Alipiga hodi kwa Kahangwa kama mtu anayeazima chumvi. Siku nyingine aliruhusiwa. Siku nyingine aliambiwa mwenye nyumba amelala, ingawa aliyejibu ni mwenye nyumba mwenyewe. Halafu siku ya Pasaka, watu wakiwa wameshika vikombe vya lubisi, pombe ya ndizi, mkononi, Kahangwa akasema bila kupandisha sauti kwamba kaburi lisilopaliliwa ni udongo kama udongo mwingine, na mvua za vuli zikifika angeweka migomba hapo. Ni yeye aliyekuwa anamnyima mjane ruhusa ya kupalilia, na ni yeye aliyekuwa anahesabu magugu. Kuna watu wana macho makavu, na huyu aliyakausha mwenyewe juani.

Joviana alirudi nyumbani siku hiyo akalia sana. Kisha akamshukuru Mungu kwamba mvua za vuli bado ziko mbali. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake, kushukuru, na iliwachosha wengi, binti yake akiwa wa kwanza.

Kahangwa naye alipoona theluji imevuka milamula na kwenda kusimama palepale kwenye visiki, hakuuliza imetoka wapi. Aliuliza nyasi ziko wapi. Alfajiri mbili tatu alionekana akimwaga matita kwa matita juu ya sehemu ile, unene wa godoro, ili mwisho wa theluji usionekane. Lakini theluji iliyofunikwa kwa unene hivyo haiyeyuki, inashikana. Ikawa ngumu kama sakafu ya saruji. Upepo wa ziwani ukazipeperusha nyasi zake zote siku moja, na mpaka ukabaki wazi, unang'aa kuliko mwanzo.

Hapo akaja na neno jipya. Alimkuta Joviana barabarani, akamwamkia vizuri.

"Shemeji, lile kaburi sasa hata halionekani," akasema. "Kitu kisichoonekana mimi nitakitunzaje? Vuli ikija nitapanda tu. Usije ukasema sikukwambia."

"Nitalifagia," Joviana akasema.

"Fika kwanza," Kahangwa akajibu, na alisema hivyo kwa upole, maana alikwisha kujaribu mwenyewe kuifikia mikahawa yake, na goti lake lilikuwa bado limefungwa kitambaa.

Joviana alijaribu. Karibu na nyumba, alipotandaza nyasi nyepesi, theluji ilikuwa laini, akazama mpaka mapajani. Alipofika sehemu ya Kahangwa akateleza, akaangukia nyonga, akashuka kwa makalio mpaka kwenye kijito, ambako theluji ilikuwa uji mtupu. Alipita kando ya kaburi bila kuweza kusimama. Aliliona tu likimpita, mwinuko mdogo mweupe wenye ncha ya msalaba. Alikaa ndani ya uji ule, sketi imelowa, moyo unamuuma kuliko nyonga, akashukuru kwa Kihaya, "Wakola waitu, nimeuona msalaba," akaanza kupanda.

Renatha alikuwa karani katika ofisi moja mjini, amepanga nyumba Kitendaguro. Mama yake alipompigia simu kumweleza habari ya nyonga, hakupoteza muda kwenye theluji. Aliuliza mteremko ni mkali kiasi gani na theluji ni ya namna gani. Kisha akasoma kwenye simu yake jioni nzima, akampigia tena.

"Mama, huko kwenye theluji watu wanavaa skii. Zile mbao mbili za kufunga miguuni. Ila ziko za aina nyingi. Kuna za theluji laini, kuna za barafu, kuna za watu wa mashindano."

"Mimi ninayo laini, ninayo barafu, na huku chini ninao uji," Joviana akasema. "Na mashindano sina na mtu."

"Basi unataka jozi moja ya kila siku, inayokata kona. Njoo Jumamosi."

Jumamosi hiyo walikwenda sokoni Bukoba, upande wa mitumba. Joviana alikuwa na mkungu wa ndizi begani na kikopo cha senene wa kukaanga, kwa kuwa hakupenda kwenda kwa watu mikono mitupu. Walielekezwa kwa Maimuna, mwanamke wa mjini aliyeuza viatu, mwenye ushungi wa zambarau na mdomo usiopumzika. Maimuna alisema kila robota linalotoka ng'ambo lina vitu vya baridi ndani yake. Yeye huwa hatupi, kwani mteja ni riziki na hujui atataka nini. Makoti ya theluji alikuwa amewauzia wavuvi. Skii zilikuwa zimeegemea ukutani pamoja na mafagio.

"Chagua mama, usiogope kushika," akasema. "Ukinunua bila kushika utakuja kunilaani bure."

Renatha alizipenda skii nyekundu, ndefu kupita kichwa cha mama yake, nyembamba, zinawaka. Maimuna akazikataa kabla ya Joviana kufungua mdomo.

"Hizo za mashindano. Zinataka kukimbia tu, ukiziambia geuka zinakuuliza kwa nini. Mama atafika Uganda."

Akatoa nyingine, pana kama makasia, nyepesi. Hizo zingeelea vizuri karibu na nyumba, akasema, lakini kwenye barafu zingekuwa kama ng'ombe kwenye sakafu yenye sabuni. Joviana akazishika, akazirudisha, akashukuru. Akazishika za tatu, zilikuwa fupi za watoto. Akashukuru. Renatha akaanza kutazama saa.

Ndipo Joviana akaona ubao ambao ndala zilikuwa zimepangwa juu yake. Ulikuwa wa kijani uliofifia, umelala juu ya matofali, na mwenzake alikuwa chini yake amebeba viatu vya shule.

"Na hii?"

"Hiyo ni rafu yangu, mama."

"Ina kiuno," Joviana akasema.

Maimuna akaitazama rafu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Kweli ilikuwa na kiuno. Ncha zilikuwa pana, katikati imebana, kama gauni lililoshonwa na fundi anayejua mwili. Wakaondoa ndala, wakaondoa viatu vya shule. Wakazisimamisha, zikamfika Joviana kidevuni, hazikuzidi wala kupungua. Maimuna akakunja moja kwa goti, ikapinda kidogo na kurudi bila hasira. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa chuma, ukucha ukatoa unga.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Kiuno si chembamba sana, basi haizami kwenye laini. Chuma bado kina meno, basi barafu italiwa. Unailaza tu kwa ubavu, inakata kona yenyewe, huna haja ya kupigana nayo. Ya kila siku kabisa. Na mimi nimeiwekea ndala miaka yote, Mungu anisamehe."

Viatu vyake vilipatikana ndani ya robota, vigumu kama ndoo, na vilimkaa. Fimbo mbili hazikuwa pea moja, lakini zilikuwa fimbo. Maimuna akapokea mkungu na kikopo cha senene, akaonja mmoja palepale, akafumba macho, akasema wamemalizana.

"Umenisaidia, mwanangu," Joviana akamwambia. "Sijui kama unajua ulivyonisaidia."

"Nenda salama mama. Ukianguka, angukia upande wa mlimani."

Skii zilisafiri juu ya basi pamoja na mikungu na godoro la mtu. Alipofika Kamachumu, dereva wa bodaboda alizifunga ubavuni bila maswali, akauliza tu kama zinavunjika.

Asubuhi ya Jumatatu Joviana alifunga viatu, akapanga miguu, akafanya ishara ya msalaba, akajiachia. Sehemu ya laini skii zilipita juu juu kama mtumbwi. Alipoingia sehemu ya Kahangwa alisikia barafu ikilia chini ya chuma. Akalaza magoti upande mmoja, na zile mbao za kijani zikakata mviringo mzuri, mrefu, zikazunguka mikahawa, zikampandisha kidogo zikamsimamisha hatua moja kutoka kwenye kaburi la mumewe. Hakuwa amepiga hodi popote.

Alifagia theluji kwa mikono mpaka akalifikia jiwe. Akapangusa jina. Kisha akakaa juu ya kanga yake akamweleza Joackim habari zote za tangu Pasaka, moja baada ya nyingine, na nyingine mara mbili kwa kuwa zilikuwa tamu: kwamba Renatha amepandishwa cheo, kwamba mbuzi mweusi amezaa, kwamba Bukoba kuna mwanamke wa Kiislamu mwenye moyo mwema sana. Machozi yalimtoka bila kumsumbua. Hakumbuki kama aliwahi kufurahi hivyo tangu awe mjane. Akavaa skii, akamalizia mteremko, uji wa chini ukampokea taratibu, akasimama kwenye kijito bila kulowa.

Alishuka kila asubuhi. Kaburi likawa safi kuliko makaburi ya parokiani, na watu waliokuwa barabarani waliliona, na waliuona pia mstari wa theluji ulipopita. Mwishowe wazee wa ukoo wakaona hawawezi kuendelea kuzungumzia mvua. Wakaja wote wamevaa kanzu na makoti, wakiongozwa na mzee Karugendo, ambaye alikuwapo siku baba yao akina Joackim alipowagawia wanawe vibanja. Wakasimama barabarani. Karugendo akaelekeza bakora yake kwenye visiki.

"Hapo ndipo baba yenu alipoweka mpaka," akasema. "Nilikuwa nimesimama hapa hapa. Theluji imefuata sawasawa."

Wazee wakakubali wote. Hata Kahangwa akakubali. Alisema theluji haikukosea hata kidogo, na kwamba ameshangazwa na unyoofu wake. Wakaingia sebuleni kwa Joviana, lubisi ikaletwa. Wakanywa, wakaisifu theluji, mmoja akasema hajapata kuona shahidi asiyetetereka namna ile.

Renatha, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya kikao hicho, akauliza milamula itarudishwa lini.

Wazee wakatazamana. Karugendo akamjibu kwa sauti ya huruma, maana alimpenda tangu utoto wake.

"Binti yangu, theluji imesema kweli. Lakini theluji si mtu wa ukoo. Haiwezi kutugawia ardhi."

Wakaendelea na shauri lililobaki, ambalo lilikuwa kubwa zaidi machoni pao. Kahawa ya Kahangwa ilikuwa imeiva kwenye barafu na hakuna aliyeweza kuifikia, na kahawa ikiachwa mtini inaharibika, na kahawa ikiharibika ukoo unachekwa. Walizungumza mpaka kivuli kikageuka. Wakaamua kwamba kwa kuwa mjane wa Joackim ndiye mwenye skii, yeye ndiye ataichuma kahawa ile na kumpelekea shemeji yake. Naye Kahangwa, kwa upande wake, hatapanda migomba juu ya kaburi, na mjane ataruhusiwa kushuka kupitia pale kila siku bila kuomba.

"Umesikia, Mama Renatha?" Karugendo akauliza.

Joviana alikuwa amesikia hayo ya mwisho tu, na yalikuwa yamemjaa kifuani. Migomba haitapandwa. Hataomba tena. Alipiga magoti mbele ya wazee kama ilivyo desturi, akawashukuru mmoja mmoja kwa jina lake. Renatha akainuka akatoka nje. Akaenda kusimama barabarani, amewapa wote kisogo, mpaka gari la mjini lilipofika.

"Kwa nini unawashukuru?" alimuuliza mama yake kwenye simu wiki nzima. "Kahawa ni ya baba. Kaburi ni la baba. Wamekupa nini?"

"Wamenipa kufika," Joviana alimjibu, na hakuwa na jibu lingine, na hakulitafuta.

Theluji haijaacha. Ni kiangazi, ni vuli, bado inaanguka kwa Joviana na kusimama kwenye visiki, na milamula imesitawi mahali Kahangwa alipoipanda. Msimu wa kahawa unapofika, Joviana hushuka na kapu mgongoni. Anachuma mikahawa aliyoipanda yeye na mumewe mwaka waliooana, anakata kona kwenye kila shina bila kuligusa, anasimama kwa Joackim, anafagia, anamsalimu, anamweleza ya jana. Magoti yake yamepata nguvu. Wageni waliotoka mjini kumwona walisema hawajaona mtu anayelaza skii vizuri hivyo, naye aliwaambia ni sifa za skii wala si zake, akawapa ndizi za kuchoma wakala.

Akimaliza, hupita kwenye kijito akazunguka mpaka mlangoni kwa Kahangwa na kutua kapu. Kahangwa huipokea kahawa kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa vizuri, huimwaga kwenye mkeka wake, humrudishia kapu na kusema, "Wakola waitu, shemeji." Joviana naye hujibu, "Wakola waitu," na anamaanisha. Kisha huweka skii begani na kupanda kwenda kwake kwa barabara ya mzunguko, ile ndefu ya mawe, kwa sababu wazee walimpa ruhusa ya kushuka tu.